SAA ZA KIBARUA NA MIZANI YA BWANA

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Mathayo 20:1-16, Yakobo 5:1-6



Mkulima wa Bariadi hahitaji kufundishwa mizani ni nini. Anapoifikisha pamba yake ghalani, macho yake hayabanduki kwenye mizani mpaka karani ameandika kilo. Anajua kwamba jasho la tangu Novemba, kulima, kupanda, kupalilia, kupiga dawa na kuchuma, lote limefungwa katika lile tarakimu moja. Likipunguzwa, watoto wake wamepunguziwa.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka kuibiwa kilo zao na wanunuzi, wakataka wapimaji wao wenyewe wasimame penye mizani. Kutoka katika kilio hicho cha mizani, Paul Bomani na wenzake walijenga vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa kuwa shirikisho kubwa la Victoria, lililopata sifa hata nje ya Afrika. Mizani ya uongo ndiyo iliyowaamsha wakulima. Na kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinatuambia kwamba jambo hili si la wakulima peke yao, maana Bwana mwenyewe huichukia mizani ya hila na kuifurahia ile iliyo sawa.

Lakini, ndugu zangu, yuko mtu mwingine ambaye hana pamba ya kupima. Hana gunia wala eka. Ana mikono yake na siku yake. Huyo ni kibarua apaliliaye shamba lako, kijana achungaye ng'ombe wako, binti apikaye na kufua nyumbani mwako, mlinzi akeshaye mlangoni kwako, mpakiaji wa marobota kiwandani, muuzaji wa dukani. Huyo mizani yake ni saa. Akiibiwa saa moja, ameibiwa kilo. Na wizi wa saa ni mwepesi kuliko wizi wa kilo, kwa kuwa saa ikiisha kupita haionekani tena ghalani.

Kwa hiyo leo natuzungumze habari ya ujira: Mungu anasema nini, sheria ya nchi inasema nini, na hesabu yake inafanywaje. Msistaajabu kwamba mahubiri yana hesabu ndani yake. Mahali penye haki ya maskini, Biblia yenyewe hutaja vipimo, siku na fedha.

KWANZA: UJIRA NI DENI, SI FADHILA

Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi sura ya 4, anatumia mfano unaoeleweka na kila mtu: afanyaye kazi hahesabiwi ujira wake kuwa ni zawadi, bali ni kitu anachodai. Paulo alikuwa akifundisha habari ya neema, kwamba wokovu hatuupati kwa kufanya kazi. Lakini tazameni jinsi alivyolichukua jambo la ujira kuwa wazi kabisa. Kwa Mungu tunaishi kwa neema. Kibarua kwako haishi kwa neema yako. Anakudai.

Musa naye katika Kumbukumbu la Torati anaamuru kwamba mtu wa mshahara aliye maskini alipwe siku ile ile, kabla ya jua kuchwa, awe ni ndugu yako au mgeni. Anaeleza na sababu: mtu huyo ameuwekea moyo wake ujira ule. Ndio unga wa jioni hiyo. Ukiuchelewesha, hukucheleweshea hesabu bali chakula. Naye akimlilia Mungu juu yako, kilio chake kitahesabiwa kuwa dhambi kwako.

Neno letu "kibarua" lina mafundisho ndani yake. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kama ushahidi wa kazi aliyoifanya, ili akionyeshe na kulipwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Wakati wa ukoloni palikuwa pia na kipande, kadi ya siku thelathini. Siku ambayo msimamizi hakuridhika na kazi haikutiwa alama, na mtu aliweza kuhangaika majuma mengi kabla ya kukijaza. Wengi wa babu zetu waliotoka Usukuma kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba, walikijua kipande hicho. Walijua uchungu wa kutoka jasho siku nzima na kuambiwa jioni kwamba siku hiyo haikuwapo.

Je, sisi wajukuu wao twawatendeaje wanaotufanyia kazi? Twawaita wapaliliaji Januari, twawaahidi fedha Jumamosi, Jumamosi ikifika twasema, "Ngojeni pamba iuzwe." Ikiwa mlipatana tangu mwanzo kwamba malipo ni baada ya mauzo, na mtu akakubali kwa hiari, hayo ni mapatano. Lakini ikiwa uliahidi Jumamosi, basi Jumamosi ni Jumamosi. Wapo wasemao, "Hata mimi fedha zangu za pamba zimecheleweshwa." Ni kweli, huumiza. Lakini maumivu hayo yangetufundisha kuwahurumia wengine, si kuyateremsha chini mpaka yamfikie yule asiye na wa kumteremshia. Mithali sura ya 3 hutuonya tusimwambie jirani aende arudi kesho, hali kitu chake tunacho mkononi.

PILI: MUNGU HUHESABU SAA

Sasa tufungue Mathayo 20. Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika sura hii, kwa kuwa saa za Wayahudi zilihesabiwa kama zetu, tangu kupambazuka kwa jua. Mwenye shamba aliwaajiri watu alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, jua likikaribia kuchwa. Bwana wetu alitaja saa moja baada ya nyingine. Hakusema tu "asubuhi" na "baadaye". Alijua nani aliingia saa ngapi.

Wako watu waupendao mfano huu kwa sababu mbaya. Hulishika lile neno la mwenye shamba kwamba ana haki ya kutumia mali yake apendavyo, wakasema, "Hata mimi fedha ni zangu, nitalipa nipendavyo." Hao hawakuusoma vizuri. Angalieni mambo matatu. Mwenye shamba alipatana nao ujira kabla ya kazi, dinari moja kwa siku. Alilipa jioni ile ile, hakungoja mavuno. Na uhuru aliojitwalia ulikuwa uhuru wa kuongeza. Wale wa saa kumi na moja aliwaongezea, lakini wale wa alfajiri hakuwapunguzia hata senti. Ukitaka kumfuata mwenye shamba huyo, anza kwa kutimiza mapatano, kisha ongeza upendavyo.

Hata pumziko Mungu aliliweka katika sheria. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, amri ya Sabato inawataja mtumwa na mjakazi kwa majina ya kazi zao, kwamba nao wapumzike kama bwana wao. Na sababu inayotolewa ni kwamba Israeli walikuwa watumwa Misri. Farao hakuhesabu saa. Alihesabu matofali tu, na alipoondoa nyasi hakupunguza idadi. Watu waliotolewa huko na Mungu hawawezi kuwa Farao kwa wengine.

TATU: SHERIA YA NCHI YASEMAJE

Serikali zetu za dunia zilichelewa kulijua jambo hili. Mwaka 1919 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Kazi Duniani yaliweka mkataba wao wa kwanza kabisa, nao ulikuwa juu ya saa: nane kwa siku na arobaini na nane kwa juma viwandani. Hapa kwetu Tanzania Bara tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inamhusu mwajiri mkubwa na mdogo, mwenye kiwanda, mwenye duka, mwenye shamba, mwenye nyumba aliyeajiri mfanyakazi wa ndani, na kanisa pia. Yapasa kila mwajiri Mkristo ajue walau haya:

1. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, wala 45 kwa juma, wala siku 6 kwa juma.

2. Mtu akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, apewe saa moja ya kupumzika. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine apate saa 12 za mapumziko, na kila juma apate saa 24 mfululizo.

3. Saa za ziada, au ovataimu kama wengi wasemavyo, ni kwa mapatano tu. Hazizidi 50 katika majuma manne. Na pamoja na hizo, mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 katika siku moja.

4. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa.

5. Akikubali kufanya kazi katika siku yake ya mapumziko ya juma, kila saa hulipwa mara mbili. Vivyo hivyo katika sikukuu za taifa.

6. Usiku wa sheria ni tangu saa 2 usiku hata saa 12 asubuhi. Kila saa ya usiku huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa saa. Na ikiwa ni saa ya ziada, asilimia hiyo huhesabiwa juu ya malipo ya ziada. Mama mjamzito aliyebakiza miezi miwili ajifungue hafanyishwi kazi ya usiku.

7. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. Hili tulisikie sana sisi wenye ng'ombe. Mtoto wa watu anayeamka alfajiri kufuata mifugo yako wakati mwanao anafuata daftari, Mungu anawaona wote wawili.

Tena kuna kima cha chini cha mshahara. Waziri hukitangaza katika Gazeti la Serikali, kila sekta na kiasi chake: kilimo, biashara na viwanda, ulinzi, kazi za nyumbani na nyingine. Viwango hubadilishwa, amri moja ilianza tarehe 1 Januari 2023, na nyingine, iliyotangazwa Oktoba 2025, ilianza tarehe 1 Januari 2026. Kwa hiyo asiseme mtu, "Nalipa kama nilivyolipa miaka ile." Aulize kwa Afisa Kazi kiwango cha sekta yake.

NNE: HESABU YENYEWE

Watu wengi hukwama hapa. Mwajiri asema, "Namlipa kwa mwezi, saa nitazijuaje?" Sheria imetoa njia. Mwaka una majuma 52 na miezi 12, basi mwezi mmoja ni majuma 4 na theluthi, ambayo sheria huiandika 4.333. Zidisha kwa saa 45 za juma, wapata kama saa 195. Gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195, nawe umepata thamani ya saa moja. Mshahara wa msingi ni ule wa saa za kawaida peke yake, bila posho na bila malipo ya ziada.

Chukueni mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba, ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Kiasi hiki nimekichagua kwa wepesi wa hesabu tu. Gawanya kwa 195: saa yake moja ni shilingi 2,000. Basi:

Saa ya ziada: 2,000 mara moja na nusu ni shilingi 3,000.
Saa ya siku ya mapumziko: 2,000 mara mbili ni shilingi 4,000.
Saa ya kawaida ya usiku: 2,000 na asilimia 5 yake ni shilingi 2,100.
Saa ya ziada ya usiku: 3,000 na asilimia 5 yake ni shilingi 3,150.

Msimu umepamba moto, malori yamejaa uani. Katika majuma manne mtu huyu amefanya saa 20 za ziada, 10 kati yake zikiwa baada ya saa 2 usiku, na amekubali kuja Jumapili moja, siku yake ya mapumziko, kwa saa 8. Anadai nini?

Saa 10 za ziada za mchana: shilingi 30,000.
Saa 10 za ziada za usiku: shilingi 31,500.
Saa 8 za Jumapili: shilingi 32,000.
Jumla ya ziada: shilingi 93,500.
Pamoja na mshahara: shilingi 483,500.

Sasa fikirini mwajiri amempa 390,000 zake, akamshika mkono na kumtilia 20,000 kifuani akisema, "Hii ni chai, umenisaidia sana." Mfanyakazi ashukuru, arudi nyumbani akimsifu tajiri kwa ukarimu. Kumbe hakupewa chai. Amepunguziwa shilingi 73,500. Msimu ukiendelea hivyo miezi mitatu, ni shilingi 220,500, nayo ni madaftari na sare za watoto, mabati ya nyumba, dawa ya mama. Nani aliyeiba? Hakuna aliyevunja mlango. Ni hesabu tu ambayo haikufanywa.

Hapa ndipo Yakobo, katika sura yake ya 5, anapotutisha. Anasema ule ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe. Wavunaji hawakutajwa kwanza kuwa ndio waliao. Fedha zilizozuiliwa zina sauti. Mfanyakazi asiyejua hesabu huweza kunyamaza, hata kushukuru. Zile 73,500 hazinyamazi. Zinalia katika sanduku la mwajiri, na Bwana wa majeshi anazisikia.

TANO: SAA ZISIZOWEZA KUNUNULIWA

Liko jambo jingine gumu zaidi, nalo latugusa hata kanisani. Mara nyingi mlinzi huajiriwa tangu saa 12 jioni hata saa 12 asubuhi, usiku kwa usiku, juma zima. Zihesabuni. Saa 12 mara siku 7 ni saa 84. Ukitoa 45 za kawaida, zabaki 39 kwa juma. Kwa majuma manne ni 156. Sheria inaruhusu 50. Zimezidi 106, na siku ya mapumziko hakupata hata moja.

Mtu aweza kusema, "Basi nitamlipa zote kwa mara moja na nusu." La. Saa hizo 106 hazinunuliki. Sheria haikusema zilipwe, ilisema zisifanywe. Kuna sehemu ya maisha ya mtu ambayo haiuzwi hata yeye mwenyewe akiwa tayari kuiuza kwa sababu ya njaa: usingizi wake, mke wake na watoto wake, na siku yake ya kumwabudu Mungu. Mlinzi wa kanisa asiyeweza kuingia Ibada Jumapili kwa sababu amekesha juma zima akilinda kanisa, huyo tumemfungia nje ya nyumba ambayo ufunguo wake anao yeye.

Dawa yake ipo. Walinzi wawili wakipokezana, mmoja akifanya zamu tatu juma hili na nne juma lijalo, kila mmoja atafanya saa 36 na saa 48, wastani wa 42. Kwa kuwa zamu ya saa 12 inapita zile 9 za siku, sheria inataka yawepo mapatano ya maandishi ya zamu ndefu. Mapatano hayo huruhusu hata saa 12 kwa siku, bila kuzidi siku 5 za kazi kwa juma. Lile juma la zamu nne lina saa 3 za ziada, zilipwe. Na saa 10 za kila zamu ni za usiku, ziongezewe asilimia 5.

Itasemwa katika Halmashauri ya Parishi kwamba fedha hazitoshi. Yawezekana ni kweli. Basi zamu na zipunguzwe, vijana na wazee wa kanisa wakeshe kwa kupokezana, vyombo vya thamani vihifadhiwe mahali pengine. Lakini upungufu wetu usilipwe na mtu mmoja aliye maskini kuliko sisi sote. Nabii Yeremia, sura ya 22, alimtamkia ole mfalme aliyejenga jumba lake kwa kumtumikisha jirani bila ujira. Jumba la mfalme au nyumba ya ibada, tofali lililowekwa kwa jasho lisilolipwa ni lile lile.

SITA: LABANI NA MAKATO YAKE

Katika Mwanzo sura ya 31 Yakobo, baba wa Israeli, anamweleza mkwewe Labani habari za miaka ishirini ya uchungaji. Jua lilimpiga mchana, baridi usiku, usingizi ukamkimbia. Labani akaubadili ujira wake mara kumi. Tena mnyama aliyeraruliwa au kuibiwa, awe wa mchana au wa usiku, Yakobo alitozwa yeye.

Wachungaji wetu wa ng'ombe wanamjua Labani huyo. Kijana ameahidiwa ndama baada ya mwaka. Mwezi wa kumi na moja kondoo mmoja apotea, na ndama wa ahadi ageuka fidia. Sheria yetu haimruhusu mwajiri kuwa hakimu wa jambo lake mwenyewe. Kukata mshahara kwa ajili ya hasara, sharti mfanyakazi awe amekubali makato hayo, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasipite hasara yenyewe wala robo ya malipo yake. Yale makato ya kodi na ya Mfuko wa NSSF ni halali. Lakini ukimkata mtu mchango wake usiupeleke, umeiba uzee wake.

SABA: NENO KWA MFANYAKAZI

Nisipowaambia nanyi mnaoajiriwa, nitakuwa nimepima kwa mizani yenye upande mmoja. Mtume Paulo katika Wakolosai aliwaonya watumishi wasiwe watu wa kufanya kazi bosi anapotazama tu, halafu akawageukia mabwana wawape watumishi haki yao, kwa kuwa nao wanaye Bwana mbinguni. Kuandika saa ambazo ulikuwa umelala chini ya mwembe ni mizani ya hila vile vile. Kuondoka saa nane na kusema umetoka saa kumi ni kilo za mawe katika gunia la pamba.

Wala msiogope kudai kilicho chenu. Kudai haki si utovu wa adabu, wala si kukosa imani. Mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, tangu lini, mahali gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani na unahesabiwaje. Sharti hili halimhusu yule afanyaye kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, lakini hata huyo ni vema apewe kikaratasi, yaani kibarua chake cha zamani. Ikiwa kuna shauri na mwajiri hana karatasi ya kuonyesha, sheria inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha. Nawe nunua daftari dogo. Kila jioni andika saa uliyoingia na saa uliyotoka. Hiyo ndiyo mizani yako.

Kukitokea shida, fuata njia ya Bwana wetu katika Mathayo 18. Nenda kwanza kwa mwajiri wako, mseme nyinyi wawili, ukiwa na hesabu yako mkononi. Asiposikia, chukua mashahidi, au chama chenu cha wafanyakazi kama kipo. Asiposikia tena, nenda kwa Afisa Kazi, au peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalia siku: shauri la kufukuzwa kazi lipelekwe ndani ya siku 30, na mashauri mengine kama haya ya malipo ndani ya siku 60. Wengi wamepoteza haki yao si kwa kuwa hawakuwa nayo, bali kwa kuwa walikaa wakinung'unika hata siku zikapita.

MWISHO

Zamani hapa Usukuma watu waliitana kulima, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka pamoja kama katika bugobogobo, na mwenye shamba akapika na kuwalisha wote. Hakuna aliyehesabu saa, kwa kuwa kesho yake wote walihamia kwa mwingine. Deni lilizunguka na kurudi. Siku hizi fedha imechukua mahali pa ngoma. Mpaliliaji hatakuona wewe shambani kwake kesho. Kwa hiyo fedha hiyo ndiyo jembe lako unalompelekea. Likipungua, hukwenda kumlimia.

Basi juma hili kila mwenye mtu anayemfanyia kazi na akae na kalamu. Aandike saa za mtu huyo, agawanye kwa 195, azidishe kama tulivyoonyeshwa, alinganishe na anacholipa. Akikuta pamepungua, asingoje Kwaresima. Zakayo alipomkaribisha Yesu hakusema, "Nitaomba msamaha". Alisema atarudisha, na zaidi ya alichotwaa. Ndipo Bwana akatamka kwamba wokovu umeingia nyumba ile.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani, Umoja wa Akina Mama na vijana:

1. Ni nani anayefanya kazi nyumbani mwetu au shambani mwetu? Je, ana siku ya mapumziko?
2. Mapatano yetu na vibarua huandikwa, au huachwa midomoni?
3. Parishi yetu yaweza kufanya nini ili kila anayeitumikia kwa mshahara apate pia kuketi katika Ibada?

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, uliyemtuma Mwanao afanye kazi ya mikono katika karakana ya Nazareti, utufundishe kuhesabu saa za wenzetu kama unavyohesabu siku zetu. Uwape ujasiri waliopunjwa, na toba waliopunja. Usiache sauti ya ujira wowote iliayo kutoka Sapiwi ikukute dhidi yetu siku ile ya hukumu, bali tulipe mapema, tungali njiani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.